Ripoti ya Chiriku na Kipande Kilichokatwa

12 Aprili

Shangazi mpenzi,

Na kuhusu yale mapazia, mwisho wake sikukuambia. Barua iliyopita niliikatisha kwa sababu Mwalimu alirudi kutoka kazini, na akirudi huyu mume wangu mimi kalamu huiweka chini hata kama niko katikati ya neno. Basi yameenea. Nilikutumia kipimo cha dirisha kwa kamba ya kiatu, na wewe umeshona kama vile ulipiga magoti hapa hapa sakafuni. Jirani ameniuliza nimeyanunua duka gani, nikamjibu kwamba duka lenyewe lina cherehani moja na shangazi mmoja, tena mkali.

Shikamoo. Sisi wazima kabisa. Chumba chetu ni kidogo, lakini asubuhi jua linaingia mpaka kwenye mto. Mwalimu hupiga mluzi akipasi shati. Akitoka husema, "Mke wangu, nakwenda," halafu baada ya hatua tano anarudi kuchukua chaki aliyoisahau mezani. Shangazi, anaisahau kila siku. Mwanzo nilidhani ni msahaulifu, kumbe ni mjanja. Nikikuandikia mambo haya najua unatikisa kichwa, lakini nitamwandikia nani mwingine?

Sasa hivi shule imefunga, na yeye anaandika ripoti za kidato cha kwanza. Wanafunzi themanini na nane, kila mmoja na sentensi yake. Mwandiko wake ni wa kuku, kwa hiyo yeye anatembea chumbani akitamka na mimi naandika. Nilimaliza shule bila kujua kwamba nyuma ya zile ripoti kuna mtu anakuna kichwa kiasi hiki.

Ndipo nikamkumbuka Chiriku wetu. Na yeye amemaliza muhula wake wa kwanza wa sekondari, si ndiyo? Ripoti yake inasemaje? Mwambie mdogo wangu aniandikie mwenyewe. Zamani alikuwa hamalizi maneno, tukamwita jina la ndege, na sasa tangu niolewe sijapata hata mstari mmoja.

Wako anayekupenda,
Bibi Harusi

30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, ya pili nikiruka sehemu za mluzi. Msalimie mkwe wangu. Mwambie chaki ni mali ya shule.

Sisi hatujambo. Mvua zimekuja na zimeondoka. Kazi ipo, sare za shule nyingi, na mwenye nyumba amepaka rangi ukuta wa mbele bila kuniambia niondoe nguo zilizoanikwa, kwa hiyo sketi mbili sasa zina kijani ambacho hakikuagizwa.

Nimeleta cherehani ya pili. Ile ya marehemu bibi yako, iliyokuwa stoo. Nimeitia mafuta, nimebadilisha mkanda, inakimbia vizuri. Nimeiweka pale dirishani palipo na mwanga.

Chiriku mzima, anakusalimu. Ananisaidia sana. Macho yangu ya karibu yamechoka, siku hizi sindano naishika kama mtu anayebembeleza nyuki, lakini yeye anatia uzi mara moja bila hata kulamba ncha. Kwa macho, yule mtoto ni mwewe.

Utauliza habari za simu. Simu ipo, ila wewe ukipiga unaongea mpaka inakatika kabla hatujafika kwenye jambo lenyewe. Andika tu.

Shangazi yako

8 Mei

Shangazi wangu,

Shikamoo nyingi. Hapa ni raha tupu, ingawa nimemwaibisha mume wangu, na lazima nikueleze kwa sababu usipocheka wewe nitalia mimi.

Si nilikuambia naandika ripoti? Yeye alikuwa akitamka hivi: "Anaweza kutoa namba hasi. Bado anachanganya alama anapozidisha." Nikaona ni maneno makavu mno. Mzazi afungue karatasi akutane na namba hasi, hata salamu hakuna? Nina furaha nyingi, Shangazi, imenizidi mwili. Basi kila mtoto nikamwongezea kidogo. Huyu nikaandika ni nyota ya darasa. Yule, kumfundisha ni faraja. Mwingine nikasema tabasamu lake linaangaza chumba, na Mwalimu baadaye akaniambia huyo hajawahi kutabasamu tangu aripoti.

Shule ilipofungua, akaja mama mmoja muuza vyombo na karatasi mkononi. Alikuwa amewatangazia mtaa mzima kwamba bintiye ni nyota. Halafu akakaa vizuri akasoma alama: kumi na moja kati ya arobaini. Akamuuliza mume wangu mbele ya walimu wote, "Nyota hii inang'aa wapi, Mwalimu?"

Unajua alifanya nini? Alisema kosa ni lake. Hakunitaja. Alirudi nyumbani, akanywa maji, akakaa karibu yangu na kusema kwa upole, "Mke wangu, sifa ni tamu, lakini mtoto akishaisoma hajui Jumatatu aanze na nini." Basi. Sikugombezwa zaidi ya hapo. Tulizirudia zote themanini na nane, jioni tatu, bega kwa bega, na mimi moyoni nikatamani wangekuwa mia mbili.

Amenifundisha kuzisoma. Mwaka huu shule yao imeacha kuwapanga watoto wa kwanza mpaka wa mwisho. Hakuna tena "wa ngapi." Kila somo lina neno lake, Amefikia, au Anakaribia, au Anahitaji msaada, na chini yake alama za kila aina ya kazi. Wazazi wengi wanakuja wakidhani namba imesahauliwa, wengine wanadhani imefichwa. Yeye huwaambia kwamba namba ya nafasi inakuonyesha tu watoto wa wenzako wako wapi. Ukimtaka wa kwako, soma mistari.

Sasa Shangazi, niliuliza ripoti ya Chiriku ukanijibu habari za ukuta wa kijani. Nakujua. Na ile cherehani ya pili ni ya nani? Wewe una miguu miwili tu.

Bibi Harusi wako, aliyetubu

19 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini hamjambo. Nimechelewa kujibu. Ningeweza kusema ni sare, na sare zilikuwa nyingi kweli, lakini barua yako ilikaa chini ya sanduku la vifungo wiki tano na kila siku niliiona.

Cherehani ni ya Chiriku. Nimemwambia amalize muhula huu, na Agosti akae kwenye kiti. Kazi hii imetulea wote na si aibu. Sikutaka kukuambia kwa sababu ungelia, na wewe umeolewa juzi.

Nitakueleza ilivyokuwa. Alileta ripoti mwezi wa nne. Nikatafuta ni wa ngapi, kama nilivyokuwa nikitafuta kwenye zako. Wewe ulikuwa wa tisa, kisha wa sita, mpaka leo nazikumbuka. Humu sikuona kitu. Nikatazama chini, karatasi imekatwa. Imekatwa kwa mkasi, mwanangu, tena imenyooka. Najua mkono wa mtu niliyemfundisha mimi kushika mkasi. Nikamuuliza kipande kiko wapi, akasema amekirudisha shuleni. Shule gani inarudishiwa vipande? Nikamwambia, "Umekata namba yako ukaitupa. Wewe ni mwongo." Hakubisha. Tangu siku ile haongei ila akiulizwa. Anatia uzi, anaweka sindano mezani, anaondoka.

Sasa wewe unaniandikia kwamba hata huko kwenu namba imeondolewa. Kama ni hivyo nilimwita mwongo bure. Lakini kipande bado kimekatwa, na alama zenyewe si za kufurahisha. Ninazinakili hapa kwa sababu utaniuliza tena.

Hisabati: Anahitaji msaada. Kazi za nyumbani 17 kati ya 20. Kazi za darasani 6 kati ya 20.

Lugha: Anakaribia. Kusoma kwa sauti 18 kati ya 20. Imla 16. Muhtasari wa ubaoni 5.

Sayansi: Anahitaji msaada. Majaribio ya kikundi 15. Michoro ya ubaoni 4.

Mwalimu wa darasa: "Anachelewa kunakili. Hutazama daftari la mwenzake. Aongeze umakini."

Umeona hilo la kutazama daftari la mwenzake? Mimi nilielewa kwamba anaiba majibu, na hizo kumi na saba za nyumbani kuna mtu anamfanyia. Mtoto mwenye macho kama yale, akose kunakili kwa nini kama si uvivu?

Mkwe wangu asijue mengi. Ni mgeni bado kwetu.

Shangazi yako

27 Juni

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo. Nisamehe, nimemwonyesha. Siwezi kumficha kitu, hata zawadi zake humwambia kabla sijazifunga. Na ni heri nilimwonyesha.

Kwanza kile kipande. Ripoti za namna hii zina mstari wa vitone chini. Mzazi anasaini hapo, anaandika maoni yake, mtoto anakata na kukirudisha. Kwa hiyo Chiriku alikuambia kweli. Jambo moja tu silielewi: kama wewe hukusaini, alirudisha nini?

Pili, na hapa shika kiti. Mwalimu aliichukua barua yako, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, akashuka taratibu, mstari mmoja mmoja. Mimi nilikuwa namtazama jinsi anavyokunja uso akifikiri, anakuwa mzuri mno, lakini nitaruka hapo kama upendavyo. Akasoma tena. Akauliza, "Anakaa dawati la mstari wa ngapi?" Nikasema sijui, ila ni mrefu, warefu huwekwa nyuma. Akasema, "Kila kazi iliyo mkononi mwake anaiweza. Kitabu, anakiweza. Imla anaisikia, anaiweza. Kila kazi iliyo ubaoni inamshinda. Mke wangu, sidhani kwamba mtoto huyu ni mvivu. Nadhani haoni mbali."

Nilimbishia. Nikamwambia habari za sindano. Akasema sindano iko karibu na pua, na kuna watu wanaona sana hapo na hatua kumi mbele wanaona ukungu.

Shangazi, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Kuna jambo sikukuandikia katika barua zote hizi, kwa sababu nilikuwa na furaha na sikutaka kuitia doa. Siku niliyoondoka, pale stendi, niliketi dirisha la tatu, nikawapungia. Wewe ulipunga. Chiriku alikuwa kando yako, akatazama moja kwa moja upande wangu, halafu akageuka akapungia kwingine. Niliumia. Nikasema mdogo wangu amekasirika nimemwacha, na ndiyo maana haandiki. Miezi yote hii nilikuwa najiambia atanisamehe siku moja. Sikuwaza kwamba labda hakuniona.

Mwalimu anasema huenda amekosea, yeye si daktari, na hajapata kumwona akiwa darasani. Ila jaribu hivi: ile kalenda ya ukutani, mwambie asimame mlangoni asome mwezi. Umwambie kwa upole. Na cherehani ya Bibi ifunike kwanza, tafadhali.

Bibi Harusi

21 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba kwa mkwe wangu pia. Hapa tuko salama. Jirani amejifungua mapacha, nimewashonea kofia nne kwa sababu wanazipoteza.

Kalenda hakuisoma. Alisimama mlangoni, akakaza macho, akasema ni mwezi wa tatu. Ile kalenda ni ya mwaka juzi na imekwama Novemba. Nikamwita asogee. Akasogea hatua moja, nyingine, mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta, ndipo akasema Novemba kwa sauti ndogo. Mimi nikakaa kwenye kiti cha wateja.

Nikaenda naye shuleni siku ya pili. Mwalimu wa darasa ni msichana mpole, umri kama wako. Nikamuuliza vile vipande vya chini huenda wapi. Akafungua kabati, akatoa furushi limefungwa raba, akasema kwa fahari, "Vilirudi vyote, tulihesabu." Nikasema tufungue. Tukapekua, tukakipata. Kimeandikwa kwa mwandiko wa Chiriku, kwa jina langu, na saini yangu ameiiga vibaya:

"Mwanangu haoni ubao akiwa nyuma. Naomba akae mbele. Asante. Mimi Mlezi, Fundi Cherehani."

Tangu mwezi wa nne, mwanangu. Kilihesabiwa, hakikusomwa. Yule mwalimu alikisoma pale aliposimama, akakirudia, kisha akamshika Chiriku mkono akamwambia, "Nisamehe." Siku ile ile akamhamishia dawati la mbele kabisa, karibu na meza yake. Nami niliona afadhali kwamba yeye alitangulia kuomba msamaha, nikapata kuona jinsi inavyofanywa.

Njiani nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi nikaandika mwenyewe. Tulitembea mpaka tukafika kwenye kona ya muuza viatu. Ndipo akasema, "Ningekuambia, ungesema ni sindano zimeniharibu macho. Usingenipa tena. Na wewe mwenyewe huwezi kutia uzi." Nilisimama njiani na watu wakanipita. Nikamwambia, "Mimi nilikuita mwongo." Akasema, "Saini nilidanganya kweli, Shangazi." Basi tukaendelea kutembea.

Amepimwa, amepewa miwani. Daktari anasema sindano hazina kosa, macho yalikuwa hivyo tangu utotoni. Nimemshonea kifuko cha miwani kwa kile kitambaa cha mstari wa dhahabu nilichokataa kuwauzia watu. Sasa haachi kuongea. Ananisomea vibao vya maduka, namba za nyumba, na juzi alinijulisha kwamba muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara ana masharubu. Nimeanza kuikumbuka ile miezi ya kimya, lakini usimwambie.

Cherehani ya Bibi nimeifunika shuka. Itamsubiri akitaka, akiwa mkubwa, kwa hiari yake.

Ripoti ya muhula wa pili inatoka wiki ijayo. Kipande cha chini nitaandika mwenyewe. Nimeshajaribu maneno kwenye karatasi ya kukatia nguo.

Shangazi yako

Dada, ni mimi. Shangazi ameniachia nafasi ndogo hapa chini. Siku ile stendi nilikuona dirishani na shela lako jeupe, nikapunga sana mpaka mkono ukauma. Baadaye basi lilipogeuka karibu yangu nikaona lile jeupe ni kitambaa cha kiti cha dereva. Niliona aibu kukuandikia kwamba nimemuaga dereva. Chiriku.

5 Agosti

Shangazi wangu, na wewe Chiriku unayesomea begani mwake,

Shikamoo Shangazi. Chiriku, hujambo mwanasesere wangu mwenye macho manne.

Nilicheka hadi Mwalimu akaja mbio akiwa na pasi mkononi. Nikampa asome ule mstari wa dereva. Alicheka, kisha akaona mimi ninalia, akairudisha pasi mezani juu ya shati bila kuangalia, akanikumbatia, na shati likaungua kola. Ametoka nalo hivyo hivyo. Akiulizwa anasema ni mambo ya ndoa.

Ripoti mliyotutumia tumeisoma pamoja kwa rula. Kazi za darasani za hisabati 13 kutoka 6. Michoro 14 kutoka 4. Sayansi imetoka Anahitaji msaada mpaka Anakaribia. Muhtasari bado 9, na Mwalimu anasema asishtuke mtu, miezi sita ya kutoandika haijazwi kwa wiki mbili za miwani. Jumatatu aanze na mada ya pili ya sayansi, ambayo daftari lake litakuwa tupu. Nami safari hii sikuongeza neno lolote la nyota, ingawa mkono uliniwasha.

Lakini kilichonikalisha kitako ni nakala ya kile kipande cha chini, Shangazi. Kwenye ripoti zangu za miaka minne uliandika "Nimeona" tu, nami nilidhani ndivyo wazazi wote huandika. Sasa umejaza mistari yote mitatu na kupanda pembeni: "Hugeuza kurasa upesi akisoma kwa furaha. Huogopa kuuliza akikosea, mwulizeni nyinyi. Nikipewa karatasi kubwa zaidi nitaandika zaidi." Mwalimu ameinakili kwa mwandiko wake wa kuku na ameibandika juu ya meza yake kazini. Amesema muhula ujao, kabla hajaandika sentensi ya mtoto yeyote, atasoma kwanza vipande vilivyorudi. Nimeolewa na mtu wa namna hiyo, mnaona wenyewe.

Yeye ana likizo ya wiki mbili. Tunakuja wote wawili, kabla mwezi huu haujaisha, Jumamosi ya mwisho, basi la asubuhi. Nitaketi dirisha la tatu kama siku ile, bila shela, na kichwani hakutakuwa na kitu cheupe. Chiriku, simama palepale uliposimama, na miwani yako. Mimi sitapunga. Nitakaa kimya nikikutazama, mpaka wewe unione kwanza.